Buluu kwenye Gauni la Roxana

Mtu akikwambia kwamba Thankful Brockway alinyang'anywa vitambaa vya Meza ya Bwana kwa sababu macho yake yalikuwa mabovu, mwambie Electa Daniels kasema ni uongo mtupu. Macho ya yule mwanamke yalikuwa mazima kuliko ya shemasi, mke wa shemasi na halmashauri yote ya akina mama ukiwajumlisha. Tumemzika mwezi wa tatu huu, theluji ikiwa bado imelala kwenye kuta za mawe za malisho, na hata kabla kaburi halijafukiwa sawasawa mtu mmoja mwenye kiherehere akaanza tena: "Maskini Thankful, na yale macho yake." Nilitamani nimtandike na mwavuli.

Basi kaeni niwaeleze. Nitaeleza ninavyojua mimi, na asiyependa aende zake.

Thankful alikuwa dobi wetu hapa Quonnet, kama mama yake kabla yake. Alisifika kwa mambo mawili. La kwanza, nguo zake. Gauni likitoka kwa Thankful limenyooka na kung'aa, hata mwanamke asiye na mbele wala nyuma akilivaa anatazamwa kwa heshima. La pili, alimshuku kila mtu. Sabuni ya dukani aliinusa kabla ya kuilipia. Ukimpelekea nguo alizihesabu mbele yako, kisha ukishageuka kwenda zako alizihesabu tena. Mumewe alipokuwa akifa kwa homa, alimwambia daktari ainywe dawa kwanza yeye mwenyewe. Daktari akainywa! Angefanya nini, na Thankful kasimama mlangoni?

Ni mimi tu ambaye hakunihesabia. Nilikuwa mpishi kwenye nyumba ya wageni ya Bi Comstock, na kila Jumanne nilimpelekea aproni zangu. Alizipokea na kuzitupa kapuni bila kuziangalia. "Wewe, Electa, una ulimi mchafu lakini mkono safi," aliniambia. Kwa Thankful hayo yalikuwa mapenzi makubwa. Tulikuwa tukikaa kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba yake, tunamenya maharage na kuwasema watu.

Sasa vitambaa. Kanisa letu hufanya Meza ya Bwana mara sita kwa mwaka, na siku hiyo meza hutandikwa kitambaa kikubwa cha kitani, na vingine vidogo vya kufunika mkate na vikombe. Mama yake Thankful alivifua miaka ishirini. Thankful akavifua thelathini na mmoja. Hakulipwa chochote, na ungethubutu kutaja malipo angekutoa mbio. Hakuwa na mtoto, hakuwa na mume tena, nyumba yenyewe paa lilikuwa linavuja upande wa jikoni. Lakini Jumapili ya Meza ya Bwana alikaa benchi la tatu, mkao wa malkia, akikitazama kitambaa chake mbele ya kijiji kizima. Hicho ndicho alichokuwa nacho duniani, na kila mtu alijua.

Wachoraji walianza kuja kwetu wakati wa kiangazi, wakipanga kwa Bi Comstock. Wale wa kwanza hawakuwa na shida. Walichora kila kitu kwa rangi ya kahawia. Malisho yetu mabichi kabisa, wao wanayachora kama yamemwagikiwa mchuzi wa nyama, na watu wa New York wananunua. Shauri yao. Kisha akaja Everett Loomis, mtu wa Ohio, aliyekuwa amekaa Paris miaka mitatu akijifunza uchoraji wa kule. Huyo alichorea nje juani, akidonoadonoa kwa brashi kama kuku anayekula punje, rangi juu ya rangi: waridi, manjano, zambarau, buluu. Wenzake walimcheka kiangazi cha kwanza. Kiangazi cha pili wote walikuwa wametupa ule mchuzi wao na wanadonoa kama yeye.

Siku moja napeleka maharage ya kuoka mezani, nikamkuta mzee Pruitt, ambaye ndiye aliyewatangulia wote kuja hapa, anamchokoza.

"Loomis, hebu niambie. Miti yako inatetemeka, nyasi zinatetemeka, hata ukuta wa mawe unatetemeka. Mbona uso wa yule binti wa shemasi umeuchora ukatulia tuli, kila kitu mahali pake?"

"Paris ningeuvuruga nao," Loomis akasema. "Wale walimu wangu kule, mtu na kichaka kwao ni sawasawa, vyote ni mwanga. Lakini mimi nimerudi nyumbani, mzee. Hapa baba mtu anataka amwone binti yake. Na mimi vilevile. Mikono yangu inakataa kumgeuza Roxana Huntley akawa majani."

"Kwa hiyo uso wa Marekani, gauni la Paris."

"Ndiyo hivyo. Nimechukua kwao nilichokipenda, kingine nimewaachia."

Wakacheka wote, wakajipakulia maharage. Nami nikacheka, mjinga mimi. Balaa lote lilitoka kwenye maneno hayo.

Thankful hakumpenda huyo bwana tangu mwezi wa tano. Siku za Jumatatu, siku ya kufua, Loomis alikuja kusimama kwenye ua wake akiitazama kamba ya nguo. Nusu saa nzima! Anakunja jicho moja, anainua kofia, anainamisha kichwa, anatoa kijitabu anaandika.

"Anapeleleza," Thankful akaniambia. "Ametumwa na wale wa kiwanda cha kufulia kwa mvuke, kule mjini kwenye stesheni. Wanataka kujua nafua za nani."

"Thankful, yule ni mchoraji."

"Mchoraji gani anachora mashuka? Na anaandika nini kwenye kijitabu? Niliinama nikachungulia. Ameandika 'zambarau'. Kwenye shuka langu kuna zambarau gani?"

Kusema kweli hata mimi nilianza kumtilia shaka. Mtu mzima anayesimama nusu saa akiangalia mashuka ya watu, wewe usingemshuku?

Mwisho wa mwezi wa nane wachoraji wakaonyesha picha zao kwenye maktaba, na kijiji kizima kikaenda, kwa sababu kuingia kulikuwa bure na Bi Comstock alitoa pai. Picha kubwa ukutani ilikuwa ya Roxana Huntley, binti wa shemasi, amekaa chini ya mtufaha wa kwao na gauni lake jeupe. Gauni nalifahamu. Thankful alilifua, akalitia wanga na kulipiga pasi Jumanne ya wiki ileile aliyochorwa.

Uso ulikuwa Roxana mwenyewe. Ulikuwepo hata mkato mdogo kwenye nyusi, alipoanguka kutoka kwenye gari la nyasi akiwa mtoto. Lakini gauni, toba! Lilikuwa na buluu mapajani, zambarau kwenye mikunjo, kijani kwenye pindo, mapande ya manjano begani. Sehemu nyeupe ilikuwa ndogo, ungeweza kuifunika kwa kiganja.

Mnajua buluu ya kufulia. Ukiitia kidogo kwenye maji ya mwisho, nguo inakuwa nyeupe zaidi. Lakini usipoikoroga vizuri inaacha michirizi kwenye nguo, na michirizi ni aibu ya dobi. Hakuna mwanamke hapa asiyejua hilo. Wakasimama mbele ya picha, kisha Bibi Huntley, mke wa shemasi, akavuta pumzi.

"Nauliza tu," akasema. "Uso huu ni wa mwanangu au si wake?"

"Ni wake," wakajibu.

"Mkato wa nyusi?"

"Upo."

"Na kiatu? Kifungo kilichokatika?"

"Kipo kimekatika vilevile."

"Basi mtu aliyechora uso wa kweli na kifungo cha kweli, gauni atalisingizia kwa nini?"

Watu wa hapa wanaamini picha ni ushahidi. Kama Loomis angeuvuruga na uso, kama wale wa Paris, wangesema ni wazimu wa wachoraji, wakala pai wakaenda nyumbani. Lakini uso ulikuwa wa kweli, kwa hiyo na gauni likawa la kweli.

Thankful alikuwa nyuma yao, amesimama na kisahani cha pai mkononi. Bibi Huntley akageuka.

"Thankful, Meza ya Bwana ni wiki ijayo. Ijumaa halmashauri itakaa izungumzie vitambaa. Sisemi kitu. Lakini kama gauni la mwanangu linarudi hivi, vya kanisa je?"

Thankful akakiweka kisahani chini, akatoka. Nilimkuta njiani anatembea kama anakwenda kupigana.

"Nilikwambia! Wamemtuma anipake matope! Unakuja au huji?"

Nikaenda naye. Loomis alikuwa kwenye banda la Bi Comstock analolitumia kuchorea, anasafisha brashi. Thankful hakubisha hodi. Akaenda moja kwa moja kwenye meza ya rangi, akashika bomba la buluu, akalinusa, akaliinua juu.

"Hii yote umeimalizia wapi?"

"Kwenye gauni, Bi Brockway. Na angani kidogo."

"Unakubali! Electa, umesikia, amekubali! Nani amekulipa?"

Yule bwana akafikiri ni mzaha, akataka kucheka. Akamtazama usoni, akaacha.

"Hakuna aliyenilipa. Mama, kivuli si cheusi wala si cha kijivu. Anga ni ya buluu, na ile buluu inalishukia gauni pale jua lisipofika. Ukijani ni wa nyasi. Mimi nilichora nilichokiona."

"Miaka thelathini na mmoja naanika nguo nje. Anga haijawahi kushukia nguo yangu hata moja."

"Hujaangalia. Wewe unajua ni jeupe, ndiyo maana unaona jeupe. Litundike pale pale, chini ya mtufaha, saa nne asubuhi kama nilivyochora. Halafu sahau kama ni gauni."

"Hayo ni maneno ya mtu aliyefumaniwa," Thankful akasema.

Loomis akamwambia yuko tayari kwenda mwenyewe kuwaeleza akina mama. Thankful akaruka. "Wewe? Ukinitetea wewe ndiyo nimekwisha kabisa! Kaa hapa hapa na uchafu wako." Lakini tulipofika getini kwake akasema, "Nitalitundika. Nitawaita wote. Wataona ni jeupe pe, na huyu muongo atahama kijiji."

Akaenda kuliomba lile gauni kwa Huntley, akalifua upya Jumatatu. Nilikuwepo. Alipima buluu kwa kijiko cha chai, akaichuja kwenye kitambaa mara tatu, akakoroga mpaka mkono ukauma. Akalianika juani siku mbili mfululizo. Nakula yamini, sijawahi kuona nguo nyeupe kama ile.

Ijumaa saa nne tulikuwa wanawake saba uwanjani kwa Huntley. Mimi sikuwa wa halmashauri. Thankful ndiye aliyesema niwepo, kwa sababu alitaka pawe na macho anayoyaamini. Akalitundika gauni kwenye tawi, pale pale. Upepo mdogo, jua kali, majani ya mtufaha mazito.

Bibi Huntley akalizunguka. Akashika mkono, akageuza pindo, akatazama kwenye mishono. Wenzake nao wakashika.

"Ni jeupe," Bibi Huntley akasema mwishoni, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefurahi kidogo, namsifu kwa hilo. "Halina mchirizi hata mmoja. Thankful, samahani. Yule bwana ni muongo, na nitamwambia alipake upya kwa rangi nyeupe kabla mume wangu hajaichukua ile picha. Vitambaa vibaki kwako. Haya, twendeni tukanywe chai."

Yameisha! Nilishusha pumzi, nikamgeukia Thankful nimpongeze. Hakuwa amesikia. Alikuwa analitazama gauni. Kasogea hatua mbili nyuma, kakunja jicho moja, kainamisha kichwa.

"Thankful?" nikamwita.

"Ngojeni," akasema.

"Tungoje nini?"

"Lina buluu."

Wanawake wakasimama.

"Si buluu yangu," akasema haraka. "Yangu niliichuja. Hii iko juu juu, haikuingia. Tazameni hapa mapajani. Na pindo, tazameni pindo, ni kijani, nyasi zimelipaka. Ngojeni muone." Akalitungua, akalipeleka juani. "Hakuna! Mmeona? Imeondoka!" Akalirudisha kivulini. "Imerudi! Yule mtu hakusema uongo. Mungu wangu, hakusema uongo. Asilipake upya."

Alikuwa anacheka. Thankful Brockway, ambaye sikumbuki kama nilishawahi kuona meno yake yote, anacheka na machozi yanamtoka, analipeleka gauni juani na kulirudisha kivulini.

Wenzake wakakaza macho. Wakatazamana.

"Mimi naona gauni jeupe," mmoja akasema.

"Na mimi."

"Unaumwa, mwenzangu?" Bibi Huntley akamuuliza taratibu. "Sisi sote tunaona jeupe, wewe unaona kijani?"

"Kwa sababu mnajua ni jeupe! Acheni kujua. Angalieni!"

"Macho yako, Thankful. Umri umekwenda, na miaka yote hiyo kwenye mvuke wa sabuni. Si kosa lako. Lakini mtu anayeona rangi kwenye nguo nyeupe, tutamwachiaje vitambaa vya Bwana? Kesho ataona vyeupe ni vichafu, na vichafu ataona vyeupe."

Hapo ndipo Thankful akanigeukia. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Aliniangalia kama anavyoniangalia Jumanne ninapompelekea aproni.

"Electa, sema wewe. Unaona nini?"

Niliiona. Sasa nimesema. Niliiona buluu mapajani, niliona zambarau kwenye mikunjo, niliona kijani cha nyasi kimepanda kwenye pindo mpaka magotini. Niliiona kabla yake, tangu alipolitundika. Nilipokuwa nawapelekea wachoraji vyakula vyao miaka miwili na kuwasikiliza wakibishana, nami nilishaanza kuona, nikanyamaza, nikajitia hamnazo, maana nani anataka kuwa mpishi anayeona zambarau kwenye ukuta? Na pale uwanjani nikaona nyuso sita zimenigeukia, na Bibi Huntley ameinua nyusi, tayari kunicheka na mimi.

"Naona gauni jeupe," nikasema.

Nilijiambia namsaidia, kwamba kama wote tutasema jeupe atanyamaza, watamwonea huruma, mambo yatapoa. Uongo. Niliogopa kuchekwa, basi.

Thankful akanitazama. Kisha akalikunja gauni vizuri, mkono juu ya mkono, akamkabidhi Bibi Huntley. "Haya," akasema.

Vitambaa vilienda kwenye kile kiwanda cha mvuke mjini. Vilirudi na doa dogo la kutu pembeni, na hakuna aliyefungua mdomo. Loomis hakulipaka upya gauni, alikataa, wakagombana na shemasi, akaipeleka picha New York. Nasikia watu wa kule waliisifu sana, hasa gauni. Na Thankful aliendelea kukaa benchi la tatu kila Jumapili ya Meza ya Bwana, akilitazama lile doa la kutu, kwa miaka kumi na miwili.

Jumanne iliyofuata ile Ijumaa nilimpelekea aproni zangu kama kawaida. Nilijipanga kumwambia kwamba na mimi niliiona. Njiani nilikuwa na maneno yote. Alitoka mlangoni, akanisalimia vizuri, akauliza goti langu linaendeleaje. Akapokea aproni. Akaziweka mezani moja moja mbele yangu, akihesabu kwa sauti, mpaka sita.

"Sita," akasema.

"Sita," nikaitikia.

Maneno yote yakanipotea. Nikaaga, nikageuka kwenda zangu, na nilipofika getini nikamsikia nyuma yangu anahesabu tena, moja, mbili, tatu.